Maswali ya Wasomaji: Kuwinda Bata Mzinga Marekani Katika Ardhi ya Umma

SWALI

Mhariri, mimi ni mzee wa Sakina, hapa Arusha. Nimezaliwa mwaka 1961, na maisha yangu ya kazi nimeyamalizia katika kambi za uwindaji wa kitalii, nikifuata nyayo za nyati na tandala mbele ya wageni. Binti yangu na mumewe wanaishi Chicago. Mkwe wangu, ambaye ana hati ya ukaazi wa kudumu, ananialika mwezi Aprili tutoke jimbo lao la Illinois twende kuwinda bata mzinga wa mwituni katika msitu wa serikali huko Missouri, bila kampuni wala mwongozaji. Yeye anapenda pia tupitie Kansas na Nebraska kwa safari hiyo hiyo. Viza ya matembezi ninayo. Naomba kujua vibali ninavyohitaji, kama nichukue shotigani yangu ninayoimiliki kihalali, mahali pa kwenda, na jambo ambalo mtu wa porini kama mimi anaweza kulikosea kule.

JIBU

Shikamoo, mzee wetu. Nianze na bunduki, kwa sababu katika jambo hilo mpangilio wa hatua una uzito kuliko mambo mengine yote ya safari yako. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, ikiwemo viza ya matembezi, kuwa na silaha au risasi mikononi mwake, isipokuwa kama anaingia katika misamaha michache iliyotajwa na sheria hiyo, na msamaha unaowafaa watu kama wewe ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la nchi hiyo. Kwa hiyo leseni hutangulia, bunduki hufuata. Kabla leseni haijawa mfukoni mwako, usijaribu shotigani ya mkwe, usiende naye kwenye uwanja wa kulengea shabaha, wala usimbebee kasha la risasi kutoka dukani hadi kwenye gari, hata kama yeye anaona ni jambo dogo. Illinois nayo ina kadi yake ya umiliki wa silaha ambayo wakaazi wake wanapaswa kuwa nayo. Hiyo ni kazi ya mkwe wako kuhakikisha anayo. Kwa upande wako, ningependa mkono wako uiguse bunduki kwa mara ya kwanza mkiwa mmekwisha kuingia Missouri na kibali chako kimetoka.

Shotigani yako iache Arusha. Inawezekana kuingia nayo Marekani, lakini utahitaji kibali cha kuiingiza kutoka idara ya serikali kuu inayosimamia silaha na vilipuzi, kibali ambacho huombwa majuma mengi kabla ya safari, pamoja na ruhusa ya polisi wetu ya kuitoa na kuirudisha, na ridhaa ya kila shirika la ndege utakalobadilishia kati ya KIA na Chicago. Hayo yote ni kwa ajili ya ndege mmoja au wawili. Sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kumwazima mwenzake bunduki kwa muda kwa shughuli halali ya michezo au uwindaji, basi azima ya mkwe. Mkiwa barabarani isafirishwe bila risasi ndani, ikiwa imefungwa kwa kufuli kwenye sanduku, ndani ya buti, mbali na mikono ya aliye kitini.

Sasa leseni yenyewe. Kila jimbo lina mamlaka yake ya wanyamapori, msimu wake, ada zake na idadi yake ya ndege, na asiye mkaazi hulipa zaidi kuliko mkaazi. Missouri inataka cheti cha mafunzo ya wawindaji kwa aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye, kwa hiyo umri wako unakuokoa. Mkwe, kama ni kijana wa baada ya hapo, lazima awe na cheti, na cheti alichokipata Illinois kitapokelewa. Kikwazo chako kinaweza kuwa kingine: sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inayataka majimbo yaandike namba ya hifadhi ya jamii ya anayeomba leseni ya burudani kama hii, na wewe mgeni huna namba hiyo. Usiache suala hili hadi usiku wa kuamkia safari. Mkwe apige simu Idara ya Uhifadhi ya Missouri mapema, aulize mgeni mwenye pasipoti tu huandikishwaje, na ikiwezekana mkanunue kibali dirishani mbele ya mhudumu badala ya kuhangaika na fomu ya kompyuta.

Kuhusu majimbo matatu, mkatalie mkwe kwa upole. Kansas imewaweka wageni wa majimbo mengine katika utaratibu wa droo kwa vibali vya bata mzinga wa majira ya kuchipua, na Nebraska imeweka kikomo cha idadi ya vibali vya watu wa nje, hivyo huwezi kufika tu Aprili ukanunua kama unavyonunua tiketi ya basi. Hata kama mngevipata, mngelipa ada mara tatu na kutumia asubuhi zenu nzuri mkiwa barabarani. Najua yanakotoka matamanio hayo. Wamarekani hugawa bata mzinga wao katika jamii kadhaa, wa mashariki, wa Florida, wa Rio Grande na wa milima ya magharibi, na wapo wanaojivunia kukamilisha wote wanne. Hayo ni mashindano ya watu wenye fedha na miaka mingi mbele yao. Mgeni wa mara ya kwanza hufaidika zaidi akiujua msitu mmoja.

Msitu huo ningependekeza uwe Mark Twain, msitu wa taifa wenye takriban hekta 600,000 uliotapakaa katika vilima vya kusini mwa Missouri. Kutoka Chicago ni mwendo wa kutwa kwa gari, kama vile kutoka Arusha hadi Dar es Salaam. Mwananchi na mgeni huingia bila kulipa kiingilio, na katika sehemu kubwa ya msitu mtu anaruhusiwa kupiga hema kwa hadi siku 14. Neno "kutapakaa" nimelitumia kwa makusudi. Msitu huo haukukaa kipande kimoja. Ndani yake mna mashamba na viwanja vya watu binafsi, na mpaka mara nyingi hauna uzio. Sheria ya Missouri inamruhusu mwenye ardhi kupaka rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo za mpaka wake, na alama hiyo ina nguvu sawa na kibao cha kukataza kuingia. Ukiona rangi hiyo, rudi nyuma, hata kama dume anaita hatua chache mbele yako. Pakueni ramani ya mipaka kwenye simu mkiwa bado mjini, kwa sababu mabondeni mtandao hupotea. Mbali na msitu wa taifa yapo maeneo ya uhifadhi ya jimbo lenyewe, na baadhi yake huingiwa kwa droo au yana masharti ya ziada, kwa hiyo someni karatasi ya kila eneo peke yake. Hifadhi za taifa, wanazozisimamia watu wengine kabisa, nyingi haziruhusu uwindaji.

Msimu wa Missouri katika miaka ya karibuni hufunguliwa Jumatatu ya tatu ya Aprili na huchukua majuma matatu. Mwindaji anaruhusiwa ndege wawili kwa msimu mzima, madume au wenye ndevu za kifuani, na katika juma la kwanza hawezi kuchukua zaidi ya mmoja. Katika ardhi ya umma mnaruhusiwa kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi saa saba mchana, basi. Ndege aliyepatikana hutolewa taarifa kwa idara siku hiyo hiyo kabla ya saa nne usiku, kwa simu au intaneti. Msipuuze hatua hiyo kwa kudhani ni urasimu tu: kumvusha mnyama au ndege mpaka wa jimbo ilhali amepatikana kinyume cha sheria za jimbo alikotoka ni kosa la shirikisho chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1900, na ninyi mtakuwa mnarudi Illinois naye.

Mngeniuliza juma gani, ningewaambia muache la kwanza. Siku za ufunguzi, hasa mwisho wa juma, magari hujaa kwenye vituo vya kuegesha, na madume bado wamezungukwa na majike kiasi kwamba hawaoni sababu ya kuifuata sauti ya jike wasiyemwona. Kuanzia juma la pili majike wengi wanakwenda kwenye viota, madume wanabaki wapweke baada ya asubuhi kupanda, na wawindaji wengi wamekwisha kurudi makazini. Chagueni siku za katikati ya juma. Kila jioni muwe na sehemu tatu au nne mlizoziweka akiba, ili mkikuta gari la mtu mahali pa kwanza mpite bila kinyongo.

Hapa ndipo ninapofika kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Mzee wangu, wewe umezoea kumfuata mnyama. Umelipwa kwa kumfuata. Katika uwindaji huu, kumfuata ndiko kunakoua watu. Kwetu kitalu kina mwenye nacho, mgeni huongozana na mwindaji bingwa, na askari wa wanyamapori yumo kwenye msafara, kwa hiyo wewe ulijua kila mtu aliyekuwemo porini asubuhi ile. Katika msitu wa umma wa Missouri hujui. Nyuma ya kichaka anaweza kuwapo mtu asiyekujua, aliyejifunika mabaka kutoka kofia hadi viatu, anayetoa sauti ya jike kwa ustadi, na mbele yake ameweka ndege wa bandia. Ukiinyatia sauti hiyo kwa ustadi wako wote wa miaka, unamnyatia binadamu mwenye bunduki. Ndiyo maana mafunzo yao yanasisitiza kuwa sauti ya bata mzinga hainyatiwi.

Kinachofanyika badala yake ni hiki. Jioni, jua linapozama, mnatembea kimya kwenye migongo ya vilima mkisikiliza, kwa kuwa bata mzinga hulala juu ya miti na dume mara nyingi huita akishapanda. Akikataa kuita, wenyeji huigiza mlio wa bundi au kunguru. Dume hushtuka na kujibu bila kukusudia. Mkishajua mti ulipo, mnarudi kesho yake giza likingali zito, saa kumi na nusu alfajiri hivi, mnakaa umbali wa mita mia moja au mia moja na hamsini, kila mmoja ameegemea mti mpana kuliko mabega yake ili mgongo ukingwe, na mnangoja. Mnaita kidogo, kwa kisanduku cha mbao au kwa kijiti kinachokwaruza bamba la jiwe, kisha mnanyamaza. Kwa maumbile yao jike ndiye humfuata dume, na ninyi mnamwomba dume afanye kinyume, hivyo kukawia kwake ni jambo la kutarajiwa. Anaweza kuita mara ishirini akiwa amesimama palepale, akanyamaza saa nzima, kisha akatokea upande ambao hukuutazama. Macho yake ni makali ajabu. Anayekuna pua amekwisha kumkosa. Sikio lako la porini litakusaidia sana katika kungoja huko, na nadhani mkwe ndiye atakayejifunza kwako.

Bunduki ni shotigani ya marisau, namba 4, 5 au 6, na shabaha ni kichwa na shingo, si mwili. Chukulieni mita 36 kuwa mwisho wa umbali, na mkishapata leseni mjaribu bunduki kwenye karatasi ili mjue marisau yanavyotawanyika. Usifyatue kabla hujaona ndege mzima, kichwa, ndevu na kilicho nyuma yake. Kichwa cha dume aliyechachamaa huwa chekundu, cheupe na cha buluu, kwa hiyo usivae wala kubeba chochote chenye rangi hizo, hata soksi nyeupe inayochungulia juu ya kiatu. Lile shuka jekundu la kujitanda alfajiri kambini libaki Sakina. Ukimwona mwindaji mwingine anakujia, usimpungie mkono na usiige sauti ya ndege. Sema kwa sauti kubwa ya binadamu. Ndege wenu akishapatikana, mbebeni ndani ya mfuko wa rangi ya chungwa inayong'aa.

Jambo moja la nyumbani kuhusu mavazi: nguo za mabaka utakazonunuliwa ziache kwa mkwe. Hapa Tanzania raia hana ruhusa kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi, na sitaki usimamishwe kwa sababu ya zawadi.

Halafu kuna kupe, na hapa usinicheke kwa kuwa umekaa nao maisha yote. Kusini mwa Missouri wapo kupe ambao jike lao lina doa jeupe mgongoni, na mtu aliyeumwa nao anaweza kupata mzio wa nyama ya wanyama wanyonyeshao: ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Mzio huo una ujanja wake, kwa sababu hauji mezani; mtu hula, na saa mbili hadi sita baadaye, mara nyingi usiku, huwashwa mwili mzima, huvimba, hutapika, na wengine hukosa pumzi. Unaweza kurudi Arusha ukadhani mtori wa harusini ulikuwa na kasoro. Nguo na viatu vipuliziwe dawa ya pamethrini siku moja kabla na vikauke, suruali ichomekwe ndani ya soksi, na kila mchana mkaguane miili. Ukipata dalili hizo baada ya safari, mtajie daktari kwamba uliumwa na kupe Marekani, maana bila hivyo hatakuwa na sababu ya kulifikiria jambo hilo. Nyama ya bata mzinga mwenyewe haihusiki na mzio huo.

Manyoya ya mkia ni mazuri na utatamani kuyaleta. Wasiliana kwanza na ofisi ya mifugo kuhusu kibali, au yaache kwa binti ayatundike ukutani.

SWALI

Mhariri, mwanangu anasoma chuo kikuu Colorado kwa viza ya mwanafunzi. Wenzake wanataka kumpeleka kujifunza kulenga shabaha, kisha waende naye kuwinda bata mzinga. Nina wasiwasi. Mama wa Soweto, Moshi.

JIBU

Wasiwasi wako ni wa haki, mama. Viza ya mwanafunzi nayo ni ya muda, hivyo katazo nililolieleza juu linamhusu, na kosa lake ni la jinai linaloweza kumwondoa chuoni na nchini. Afuate mpangilio uleule: kwanza mafunzo ya wawindaji, ambayo Colorado huyadai kwa kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye, kisha leseni, ndipo bunduki. Hayo mafunzo yenyewe ayasome kwa moyo hata kama hatawinda kamwe. Na kabla ya yote azungumze na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake, kwa sababu vyuo vina kanuni zao juu ya silaha katika mabweni.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi wa Chuo cha Mweka. Tunafundishwa kuheshimu kipindi cha kuzaliana. Inakuwaje Wamarekani wawinde ndege katika majira yake ya kupandana, tena waseme ni uhifadhi?

JIBU

Swali zuri, na wataalamu wao wenyewe hawajalimaliza. Hoja ya msingi ni kwamba dume mmoja hupanda majike wengi na hashiriki kuatamia wala kulea, na jike akishapandwa huweza kuhifadhi mbegu kwa majuma kadhaa akaendelea kutaga mayai yenye rutuba. Ukimwondoa dume baada ya kupandana, kiota hakipungukiwi kitu. Jike huatamia kwa siku 28 hivi peke yake. Ndiyo maana kanuni nyingi za majira ya kuchipua huruhusu madume, au wenye ndevu, na msimu hupangwa kulingana na kalenda ya viota. Historia nayo inawapa nguvu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ndege huyu alikuwa amefyekwa karibu kote kwa uwindaji usio na mipaka na ukataji wa misitu, na alirejeshwa kwa kukamatwa kwa nyavu na kuhamishiwa misitu mingine, kazi iliyogharimiwa kwa sehemu kubwa na ada za leseni pamoja na kodi ya silaha na risasi iliyotengwa kwa uhifadhi na sheria ya mwaka 1937. Missouri ilifungua tena msimu wake mwaka 1960.

Udhaifu wa hoja uko katika neno "baada". Msimu ukifunguliwa mapema mno, madume wenye nguvu huondolewa kabla majike hawajapandwa, na mwindaji anayehangaika vichakani anaweza kumfurusha jike aliyeko kwenye kiota. Idadi imekuwa ikishuka katika sehemu za kusini-mashariki, na sababu zinazotajwa ni nyingi, zikiwemo makazi yaliyoharibika na wanyama wanaokula mayai. Tennessee mwaka 2023 ilichelewesha ufunguzi wa msimu hadi katikati ya Aprili na kupunguza kiwango cha ndege kutoka watatu hadi wawili kwa mwindaji. Ikiwa unatafuta mada ya utafiti, linganisha uamuzi huo na namna sisi tunavyopanga msimu wa kanga na kwale, ambao jogoo wao hawaishi kama bata mzinga. Kanga na kwale huunda jozi, na kumwondoa dume kwenye jozi si sawa na kumwondoa dume asiye na kazi kiotani.